Mchawi wa Merry Mount asikika Singida

KATIKA vijiji vya Singida palikuwa na neno moja ambalo wazazi walilitamka kwa sauti ya chini mara jua lilipokuchwa. Neno hilo ni mbojo, yaani mtu simba. Wazee waliokuwa watoto katika miaka ya 1940 walikua nalo, na wajukuu wao wakalirithi kama hadithi ya kuwatisha watoto wasitoke nje usiku. Tutalirudia mbele ya safari. Kwanza tusikilize sauti iliyotoka mbali sana na Singida, sauti iliyonaswa mjini New York mchana wa Jumamosi, tarehe 10 Februari, 1934, ikabaki kwa miaka mingi mikononi mwa wakusanyaji wachache, kisha ikafukuliwa na kupewa walimwengu. Sauti hiyo inasimulia habari za uchawi, na mkazi wa Singida huenda akaielewa upesi kuliko wengi wa wale walioishangilia siku ile.

Ni sauti ya opera iitwayo Merry Mount, iliyotungwa na Mmarekani Howard Hanson. Kwa wasomaji ambao hawajapata kuiona, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku kundi kubwa la wapiga vyombo likiketi chini ya jukwaa na kuusindikiza mchezo tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Aliyepata kumsikia Mgogo akisimulia kisa kwa zeze, au aliyewahi kuwasikiliza watoto wa shule wakijibizana kwa ngonjera, anajua kwamba hadithi inaweza kubebwa na wimbo pasipo kupotea njiani. Kilicho kigeni ni ukubwa wake na gharama zake. Ukumbi wa Metropolitan Opera ulikuwa na viti maelfu, waimbaji waliolipwa fedha nyingi, na mapazia ya hariri. Na bado katika miaka hiyo ya dhiki ya uchumi, wenye ukumbi walilazimika kuwaomba wananchi michango ili milango isifungwe.

Hanson alizaliwa mwaka 1896 katika mji mdogo wa Wahoo, jimbo la Nebraska, nchi tambarare ya wakulima wa nafaka. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sweden. Akiwa bado kijana alikabidhiwa chuo cha muziki cha Eastman mjini Rochester, akakiongoza kwa miaka 40, tangu 1924 hadi 1964. Alikuwa mtu wa kazi nyingi, na opera aliandika hiyo moja tu.

SAUTI ILIVYONUSURIKA

Mwaka 1934 kanda za kurekodia zilikuwa hazijaenea. Aliyetaka kuhifadhi tangazo la redio alipaswa kuliandika papo hapo juu ya sahani, sindano ikichimba mfereji mwembamba huku sahani ikizunguka, na baada ya dakika chache sahani ilijaa, ikaondolewa, ikawekwa nyingine. Mwimbaji hakungoja. Ndiyo sababu matangazo mengi ya enzi hizo yamebaki vipande vipande, au hayakubaki kabisa.

Metropolitan ilikuwa imeanza kutangaza opera nzima nzima kwa redio siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, 1931. Opera iliyochaguliwa siku hiyo ilikuwa Hänsel und Gretel, kazi ya Mjerumani Humperdinck, yenye kisa cha mwanamke kikongwe anayewanenepesha watoto ili awale, mpaka watoto wenyewe wanamsukuma ndani ya tanuri. Ni hadithi ya kuchekesha watoto, na haikumshtua mtu. Namwomba msomaji aiweke kando kichwani, tutaihitaji.

Miaka miwili na ushei baadaye ikaja zamu ya Merry Mount. Ulikuwa mwonyesho wake wa kwanza jukwaani, ingawa muziki wake ulikuwa umekwisha kuimbwa bila maigizo huko Ann Arbor, Michigan, mwezi Mei, 1933. Kondakta alikuwa Mwitaliano Tullio Serafin. Inasimuliwa kwamba wasanii waliitwa mbele ya pazia mara 50 kwa jumla ili kupokea makofi. Hata hivyo opera hiyo haikurudiwa katika ukumbi huo msimu uliofuata, wala mingine iliyokuja. Kwa muda mrefu iliyobaki ikisikika ni sehemu ya muziki wake usio na maneno, ambayo Hanson aliifupisha kwa ajili ya okestra.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Naxos ilisafisha sauti iliyonaswa siku ile ya kwanza na kuitoa katika sidii. Kusafisha ni neno la adabu tu. Sauti bado inakwaruza na kutokota kama mafuta ya alizeti yaliyowekwa motoni, na kila kwaya inapoinua sauti, wapiga vyombo hutoweka. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza huenda akadhani redio yake imeharibika. Lakini baada ya robo saa sikio huzoea, na hapo ndipo mtu humsikia Lawrence Tibbett.

Tibbett, mwana wa polisi wa California aliyeuawa kazini mwanawe akiwa bado mdogo, alikuwa na sauti nzito ya kifua ambayo haikuwa na majivuno. Huimba kama mtu anayetaka asikilizwe, wala si kama mtu anayetaka asifiwe. Na mtu aliyemwigiza siku hiyo alikuwa na mengi ya kusema.

KISA CHENYEWE

Mahali ni Massachusetts, Marekani ya Kaskazini, katika karne ya 17. Kuna kijiji cha Wapuritani, Waingereza waliohama kwao kwa ajili ya dini, watu wa sala ndefu na nguo nyeusi, walioona ngoma, pombe na hata kucheka Jumapili kuwa ni mlango wa jehanamu. Kiongozi wao wa ibada ni kijana aitwaye Wrestling Bradford. Mchana anahubiri kwa ukali. Usiku halali: anajiwa na mapepo, na kati yao yumo mwanamke mzuri kupita kiasi, Ashtorethi, yule yule mungu mke wa Wasidoni anayetajwa katika Biblia. Bradford anamweleza mzee wa kanisa taabu yake. Mzee, kama wazee wa kila nchi, anaona dawa yake ni ndoa, na hapo hapo anamposesha binti yake. Binti ni mwema, jina lake Plentiful, na Bradford anakubali. Lakini anapombusu moyo wake haushtuki hata kidogo.

Mara wanafika Waingereza wengine, watu wa anasa waliotoka kwenye makao ya jirani yaitwayo Merry Mount. Miongoni mwao yumo mwanamke, Lady Marigold Sandys, mchumba wa mtu mwingine. Bradford akimtazama tu, anauona uso wa yule wa ndotoni. Kuanzia hapo mchezo unateremka mlima kwa kasi. Bradford anakataa mapatano ya amani na wageni na kuwahimiza watu wake wakavamie sherehe zao. Wanavamia siku ya harusi ya Marigold, wakati watu wanacheza kuuzunguka mlingoti uliopambwa kwa maua. Marigold anatekwa. Bradford, akiwa naye peke yake, hamhubirii, anamtaka. Mchumba anatokea kumwokoa, naye anauawa.

Kisha Bradford anasinzia msituni na kuota ndoto kubwa, ambayo ndiyo kitovu cha opera nzima. Yuko kuzimu. Ibilisi ana uso wa yule mchumba aliyeuawa, na Ashtorethi ana uso wa Marigold. Anaambiwa atampata mwanamke huyo iwapo atatia saini katika kitabu cha Shetani. Anatia saini. Anapigwa alama ya moto pajini. Anailaani nchi yake yote.

Mwandishi wa makala haya aliisikiliza sehemu hiyo hapa Singida mjini, usiku, na watu wa nyumbani pamoja na jirani wawili. Hakuna aliyefuata Kiingereza kile cha kuimbwa, nami nikawa mkalimani. Mama mkubwa, ambaye hadi hapo alikuwa amenyamaza akichambua mchicha wa kesho, alitaka kujua kama yule mwanamume anaumwa. Nikamweleza kwamba ni mhubiri, ameota ametia saini kitabu cha Shetani. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyekiona kitabu hicho. Nikamjibu kwamba hakuna, ni yeye peke yake. Mama mkubwa akarudi kwenye mchicha wake, akionyesha kuwa kwake kesi imekwisha.

Kwa wanakijiji wa jukwaani haikuisha. Bradford anaamka na kukuta kijiji kinateketea, kimechomwa na wenyeji wa asili wa nchi ile ambao chifu wao alidhalilishwa na Wapuritani katika uvamizi wa siku iliyopita. Maiti zimelala uwanjani. Watu wanataka kujua balaa hili limeletwa na nani. Bradford anaungama: ndiye aliyetia saini, na alama hii hapa pajini. Lakini katika kuungama huko anamvuta na Marigold, kana kwamba yule mwanamke wa ndotoni na huyu aliyesimama hapa akimlilia mchumba wake ni mtu mmoja. Kijiji kilichopoteza watu wake kinataka damu. Mwishowe Bradford anamkamata Marigold, anambeba mikononi, na kuingia naye ndani ya kanisa linalowaka moto. Waliobaki wanapiga magoti na kusali Baba Yetu.

Marigold hana kosa hata moja katika mchezo huu. Hana hirizi, hana tunguri, hajamtamkia mtu neno baya ila waliomvamia. Uchawi wake wote umo machoni mwa mtu mmoja anayemtamani na kuionea haya tamaa yake. Hanson aliuandika muziki wa kuzimu kwa nguvu nyingi kuliko sehemu nyingine zote, ngoma zikitwanga na kwaya ikipiga kelele, na wapo wanaoiona sehemu hiyo kuwa ya kishindo tu. Mimi naona ndipo alipopatia hasa, kwa kuwa kelele zote zile zinatokea ndani ya fuvu la kichwa cha mtu aliyelala.

NGOZI NA BUNDUKI

Merry Mount palikuwa mahali pa kweli, katika mji ambao leo unaitwa Quincy. Kiongozi wake alikuwa mwanasheria Mwingereza, Thomas Morton. Mwaka 1627 yeye na wenzake walisimamisha mlingoti wa futi 80, wakaufunga pembe za mnyama kileleni, wakanywa na kucheza pamoja na wenyeji. Jirani zao wa Plymouth walichukizwa, na mwaka 1628 walimtuma Myles Standish na watu wenye silaha kumkamata. Morton akarudishwa Uingereza. Mwandishi Nathaniel Hawthorne aliigeuza habari hiyo kuwa hadithi fupi katika karne ya 19, na kutokana na hadithi hiyo Richard Stokes aliandika maneno ya opera, akiongeza ndoto na Shetani kwa ukarimu.

Katika historia halisi mchawi hakuwapo. Kilichokuwapo ni ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia huko Ulaya. Morton alizinunua kwa wenyeji, na alituhumiwa kuwalipa kwa bunduki, jambo lililowatia hofu jirani zake na pia kuwaharibia soko. Hapo pana dini na pana hofu ya kweli, na pana biashara vilevile, na si rahisi kusema kipi kilianza. Miaka zaidi ya 60 baadaye, katika jimbo hilo hilo, mji wa Salem ulinyonga watu 19 kwa shitaka la uchawi. Huo ulikuwa mwaka 1692.

Kuna jambo jingine ambalo Mwafrika hawezi kulipita akinyamaza. Mwaka mmoja tu kabla, Januari 1933, jukwaa hilo hilo la Metropolitan lilionyesha opera iitwayo The Emperor Jones, na Tibbett huyu huyu, mzungu, alijipaka rangi akaigiza mtu mweusi. Mganga wa Kikongo katika mchezo huo alichezwa na mweusi wa kweli, Hemsley Winfield, kwa sababu mganga hucheza tu, haimbi. Mwimbaji mweusi wa kwanza, Marian Anderson, hakusimama kuimba katika ukumbi huo hadi mwaka 1955. Yaani mweusi aliruhusiwa kuingia kwanza kama mchawi. Watazamaji walioona uchawi wa msituni katika The Emperor Jones walirudi mwaka uliofuata kuona uchawi wa mababu zao weupe wenye Biblia mkononi, na sijui kama walifananisha.

MBOJO NI WA NANI

Sasa turudi nyumbani. Kati ya mwaka 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilikumbwa na vifo vya kutisha. Watu waliuawa mashambani na njiani, na miili yao ikakutwa na majeraha kama ya makucha. Ubishi ulikuwa mkubwa: je, ni simba wa porini, ni watu waliovaa ngozi za simba, au ni watu waliogeuka simba? Haikuwa mara ya kwanza, kwa maana habari kama hizo zilikuwa zimesikika Singida na Iramba zamani kidogo, baada tu ya Waingereza kuchukua nchi. Safari hii serikali ya kikoloni ilikamata watu, ikafungua kesi za mauaji, na baadhi yao wakanyongwa. A. W. Wyatt aliiandika habari hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani Harold Schneider, aliyekuwa ameishi na Wanyaturu, aliirudia katika jarida hilo hilo ili kuipima upya.

Jambo moja katika imani hiyo lastahili kutazamwa. Mbojo hakuwa mnyama huru. Iliaminika kwamba alikuwa na mwenyewe, mchawi aliyemfuga na kumficha, na kwamba mwenye kisasi na jirani yake aliweza kwenda kumkodi. Kwa hiyo kila maiti ilipookotwa, swali halikuwa tu nani kaua. Swali lilikuwa mbojo huyu ni wa nani. Na ili kulijibu swali hilo, mtu alipaswa kuanza kuhesabu: nani aligombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, nani alidai ng'ombe wa mahari, mwanamke gani alinyimwa unga akaondoka akinung'unika. Hofu ya simba ikawa orodha ya majirani.

Watu walikufa kweli, na wauaji walikuwapo kweli. Hilo halina mzaha, nami simo katika wale wanaodhani kwamba wazee wetu walikuwa wakiota tu. Lakini kati ya muuaji mwenye ngozi ya simba na yule mtu anayenong'onezwa kijijini kuwa ndiye mwenyewe, pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo Wrestling Bradford anaweza kusimama na mahubiri yake. Kijiji cha jukwaani nacho kilikuwa na maiti za kweli. Kilichochomwa kilichomwa, na sababu yake ilijulikana: chifu alidhalilishwa mbele ya watu wake. Hata hivyo hakuna aliyesema hivyo. Ilikuwa rahisi zaidi kumtazama mwanamke mgeni.

MACHO MEKUNDU

Haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa katika ukurasa wa familia kama yangeishia mwaka 1948. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2012 watu 630 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na mwaka 2013 watu 765, wanawake wakiwa 505 kati yao. Wengi wa wanawake hao walikuwa vikongwe, na mikoa jirani zetu, Shinyanga na Tabora, imetajwa mara nyingi katika habari hizo. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino kulitia taifa aibu.

Alama inayotajwa kila mara ni macho mekundu. Bibi ana macho mekundu, basi ni mchawi. Wataalamu wa afya wamekwisha kueleza chanzo chake, na kila mwanamke aliyepika kwa kuni anakijua bila kuelezwa. Bibi huyo ameinamia mafiga tangu akiwa na miaka saba. Pasipo na miti amewasha samadi kavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake ni mchungu kupita wa kuni. Katika jiko lisilo na dirisha amepika ugali wa uwele wa kuwalisha watoto, na wajukuu, na mara nyingine vitukuu. Moshi huo ndio ulioyafanya macho yake mekundu. Wale waliokula ugali huo wamekuwa watu wazima, na sasa wanamtazama machoni.

Na anayetaja jina lake mara nyingi si mgeni. Ni mtoto wa kaka, mkwe, au mpangaji wa urithi anayeona kwamba bibi amechelewa kuondoka shambani. Mganga anapoulizwa, hulitaja jina ambalo muulizaji amekuja nalo tayari moyoni. Hapa ndipo ile opera ya Krismasi ya mwaka 1931 inaponirudia, yenye kikongwe anayesukumwa tanurini na watoto huku ukumbi mzima ukifurahi. Hakuna ubaya katika hadithi za watoto. Hata zetu zina mazimwi. Lakini katika hadithi hizo macho ya watazamaji hukaa upande wa watoto tu, hayamtazami kikongwe, na kwa hakika haijapata kuulizwa ni nani aliyesema kwanza kwamba anakula watu. Merry Mount ni miongoni mwa michezo michache inayomgeuzia taa yule anayesema kwanza. Inatuonyesha ndoto yake, aibu yake na tamaa yake, na halafu inatuonyesha inavyogharimu.

Sidhani kwamba ndiyo sababu ilisahauliwa. Ilisahauliwa kwa sababu za kawaida: ina maneno mazito ya kale ambayo hata Wamarekani waliyaona magumu, inahitaji kwaya kubwa mno, na msimu uliofuata watu walitaka kitu kingine. Huenda pia wakati wake ulikuwa mbaya. Marufuku ya pombe nchini Marekani ilikuwa imeondolewa Desemba 1933, miezi miwili tu kabla, na watu waliotoka kwenye miaka 13 ya kukatazwa hawakuwa na hamu ya kuwasikiliza Wapuritani kwa saa tatu.

Sasa yapo maandishi mawili ya sauti kwa anayetaka kusikia. Moja ni la Seattle, chini ya kondakta Gerard Schwarz, lililofanyika mwaka 1996 na kutolewa mwaka 2007. Ni safi, kila chombo kinasikika, na kwa mtu anayetaka kuujua muziki wa Hanson lafaa kuanzia hilo. Jingine ndilo hili la mwaka 1934 lenye kukwaruza. Anayelichagua aende moja kwa moja kwenye tendo la mwisho, mahali Bradford anapoungama mbele ya kijiji. Tibbett anaishusha sauti hapo karibu na kunong'ona, na kwa sekunde chache makwaruzo ya sahani yanakuwa makubwa kuliko yeye, hata mtu hulazimika kusogeza sikio karibu na kipaza sauti ili asikie anachokiri.